Jalaram wa Virpur, mwana wa muuza duka aliyelisha wasafiri kwa jasho la shambani

MAPEMA Machi 2025, maduka ya mji mdogo wa Virpur katika jimbo la Gujarat, magharibi mwa India, yalifungwa kwa hasira. Hapakuwa na mzozo wa kodi wala ghasia za uchaguzi. Chanzo kilikuwa maneno ya mtawa mmoja wa madhehebu ya Swaminarayan, aliyedai mbele ya waumini wake kwamba chakula kisichokwisha katika jiko la Jalaram Bapa kilitokana na baraka za mmoja wa viongozi wa kale wa madhehebu hayo. Wenyeji walighadhabika, jamii ya Walohana ikapaza sauti India na ng'ambo, na baada ya siku chache mtawa huyo akafunga safari hadi hekalu la Virpur kuomba radhi.

Mtu wa mbali huenda akashangaa. Ni nani huyu Jalaram hata wafanyabiashara wafunge milango yao kulitetea jina lake, ilhali alifariki mwaka 1881? Na kama mtawa yule alisema chakula kilibarikiwa, kosa liko wapi? Jibu limo katika swali ambalo maisha yote ya mzee huyo yalilizunguka: chakula kile kilitoka wapi?

Msomaji wa humu nchini huenda amewahi kumwona bila kumtambua. Ni yule mzee aliyevaa nguo nyeupe, kilemba cheupe kichwani, masharubu meupe, fimbo mkononi, ambaye picha yake hutundikwa nyuma ya kaunta katika maduka mengi ya Wahindi kutoka Gujarat. Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi mjini Kisumu, nilitumwa sukari mara nyingi katika duka lililokuwa na picha hiyo, ikiwa na shada la maua na taa ndogo isiyozimwa. Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba huyo alikuwa babu yake mwenye duka. Nilikuja kujua ukweli nikiwa mtu mzima, na hata hivyo naona sikuwa nimekosea sana, kwa kuwa neno Bapa katika Kigujarati humaanisha baba, na hivyo ndivyo waumini wanavyomchukulia.

Jalaram alizaliwa Novemba 4, 1799, siku ya saba ya mwaka mpya wa Kigujarati unaofuata sherehe za Diwali. Babake aliitwa Pradhan na mamake Rajbai. Walikuwa wa jamii ya Walohana, watu ambao kazi yao kwa vizazi vingi imekuwa biashara ingawa masimulizi yao wenyewe huwahesabu kuwa uzao wa Lava, mwana wa Rama. Hivyo basi jina la Rama lilikuwa jambo la ukoo katika nyumba ile kabla halijawa jambo la ibada.

Virpur iko katika rasi ya Saurashtra, ambayo zamani iliitwa Kathiawar, zaidi ya kilomita 50 kusini mwa Rajkot, katikati ya Gondal na Jetpur. Wakati huo rasi hiyo ilikuwa imegawanyika katika vijimbo karibu 200, kila kimoja na mtawala wake, vingine vidogo kiasi kwamba vilikuwa na vijiji vichache tu. Watawala hao walipigana, wakaporana ng'ombe na kutozwa ushuru na majeshi ya Wamaratha yaliyokuja kila msimu. Mwaka 1807, Jalaram akiwa na umri wa miaka saba, ofisa wa Kiingereza kwa jina Alexander Walker alifanya mikataba na watawala hao kuweka kiwango cha ushuru huo, na polepole mkono wa Uingereza ukaingia.

Lakini jambo lililoathiri maisha ya kijana huyu zaidi ya siasa ni barabara. Virpur imo katika njia iendayo Junagadh, chini ya mlima Girnar, ambao ni mtakatifu kwa Wahindu na Wajaini. Mbele zaidi, pwani, kuna Somnath, na magharibi kabisa kuna Dwarka, mji wa Krishna. Mahujaji na watawa wa Kihindu waitwao sadhu walipita hapo mwaka mzima, kwa miguu, wengi wao bila chochote isipokuwa bakuli na fimbo. Rajbai alisifika kwa kuwakaribisha. Mwanawe alikua akiwaona wakifika wamechoka, wakila, wakiondoka.

Tena alikua katika nchi ya ukame. Mwaka 1812 na 1813, akiwa kijana wa miaka kumi na mitatu hivi, njaa kali iliikumba Kathiawar na Kutch baada ya mvua kukosekana na nzige kuvamia. Masimulizi ya waumini hayakawii sana hapo, yana haraka ya kufika kwenye miujiza. Mimi naona si rahisi kuyaelewa maisha yaliyofuata bila kukumbuka kwamba mtu huyu, kabla ya kuoa, alikuwa tayari ameona watu wakikosa chakula.

Babake alimtarajia arithi duka. Akiwa na umri wa miaka 16 aliozwa Virbai, binti wa ukoo wa Kilohana kutoka Atkot. Ndoa ilikuwa mbinu ya kumtuliza. Wazazi wa kila taifa wamewahi kuijaribu. Haikufua dafu. Kijana aliendelea kuwagawia masadhu bidhaa za duka, na hatimaye baba na mwana wakatengana. Ami yake Valji akamchukua yeye na mkewe, akampa kazi katika duka lake.

Hapo ndipo kisa cha kwanza maarufu kinapotokea. Kundi la masadhu lilifika dukani kuomba msaada. Jalaram akawapa kitambaa, sukari guru na samli, na kwa kuwa mzigo ulikuwa mwingi, akaubeba mwenyewe kuwasindikiza. Jirani mwenye wivu akamchongea kwa ami yake. Valji alimkuta njiani na kumuuliza amebeba nini. Kijana, kwa hofu, alijibu kuwa ni maji na vitu vya kuwashia moto, na mzigo ulipofunguliwa hakikuonekana kingine. Huko dukani, nguo na samli zikapatikana hazijapungua hata kidogo.

Waumini husimulia kisa hicho kwa furaha, na sina nia ya kuwaharibia. Hata hivyo msomaji makini ataona jambo ambalo muujiza hauwezi kulificha. Mali ile haikuwa ya Jalaram. Alikuwa akitoa sadaka kwa mfuko wa mtu mwingine, kisha akasema uongo alipoulizwa. Naona yeye mwenyewe aliliona jambo hilo. Muda si mrefu baada ya hapo aliliacha duka la ami yake, akaenda kuhiji katika miji mitakatifu, na aliporejea hakusimama tena nyuma ya kaunta ya mtu yeyote. Kila alichotoa kuanzia siku hizo alikitolea jasho kwanza.

Alikuwa na umri wa miaka 18 alipokwenda Fatehpur, kijiji kilicho karibu na Amreli, kuomba uanafunzi kwa Bhoja Bhagat. Mwalimu huyo hakuwa Brahmin wala msomi wa Kisanskriti. Alikuwa mkulima, na inasimuliwa kwamba hakujua kusoma wala kuandika. Lakini alitunga nyimbo ambazo Wagujarati huziita chabkha, yaani mijeledi, na jina hilo liliwafaa kabisa walengwa wake: watawa wanafiki, matajiri wachoyo, watu wanaojisingizia uchamungu ili wale bure. Nyimbo hizo zingali zinaimbwa. Bhoja alimpa mwanafunzi wake tasbihi na jina la Rama la kulitaja, na akamruhusu atimize azma aliyokuwa nayo tangu utotoni, ya kuanzisha sadavrata.

Sadavrata ni desturi ya kale ya India: mahali ambapo mpita njia yeyote hupewa chakula bila malipo, mchana na usiku. Kwa kawaida ilianzishwa na mfalme au tajiri mkubwa aliyekuwa na mashamba ya kuigharimia, na nyakati nyingine alitaka jina lake lisifiwe kwayo. Jalaram hakuwa na shamba, wala ng'ombe, wala akiba. Alikuwa na mke na mikono minne baina yao.

Basi yeye na Virbai wakaenda kuvuna mashamba ya watu. Katika Kathiawar ya siku zile, kibarua wa mavuno alilipwa kwa nafaka, sehemu ya alichovuna. Zao kuu la huko lilikuwa uwele, pamoja na mtama, mazao yanayostahimili ardhi kavu. Anayeijua kazi ya kukata masuke ya uwele juani, kuyapura na kuyapepeta, hahitaji kuelezwa. Asiyeijua na amuulize mkulima yeyote wa Tharaka au Mbeere. Hawa wawili walikuwa wa jamii ya wachuuzi, waliozoea mizani na kivuli cha duka. Majirani waliona ni aibu. Wao walikula kidogo, wakabakiza kingi, na ujira wao ukawa unaingia ghalani badala ya tumboni.

Mapema mwaka 1820, nafaka ilipotosha, jiko lilifunguliwa. Jalaram alikuwa na umri wa miaka 20, na Virbai alikuwa msichana hasa kwa hesabu za leo.

Ni muhimu kueleza uzito wa jambo lililofanyika hapo, kwa kuwa kwa msomaji wa Kiafrika kumlisha mgeni si habari. Katika India ya wakati ule, chakula kilikuwa mpaka. Nani anapika, nani anapakua, nani anaketi kando ya nani: hayo yote yaliamuliwa na tabaka la kuzaliwa, na kuyavunja kungeweza kumfanya mtu atengwe na jamaa zake. Katika jiko la Virpur, mwenye njaa hakuulizwa dini wala tabaka. Aliketi akala. Si kwamba Jalaram alitoa hotuba dhidi ya ubaguzi. Hakuna anayemkumbuka kwa hotuba yoyote. Alipakua tu, na mpaka ukafutika kwa saa ile ya mlo.

Habari zikaenea, na pamoja nazo walaji. Siku ilifika ambapo ghala lilikuwa tupu na kundi la wageni liko mlangoni. Virbai alivua mapambo yake ya dhahabu aliyopewa na wazazi wake wakati wa harusi, akayatoa yauzwe. Ikumbukwe kwamba kwa mwanamke wa Kihindi mapambo hayo si urembo tu. Ni mali pekee iliyo yake hasa, akiba yake dhidi ya ujane na maradhi. Picha zilizo madukani humwonyesha mumewe peke yake, na hilo huniudhi kidogo.

Hadhi ya Bapa alipewa, wanasema, na fundi cherehani wa Virpur aliyeitwa Harji. Mtu huyo aliteseka kwa maumivu ya tumbo, akaweka nadhiri kwamba akipona ataleta nafaka katika jiko la kijana yule. Alipopona alikwenda kumwinamia na kumwita baba, ingawa huenda alimzidi kwa umri. Jina likashika. Baadaye mfanyabiashara Mwislamu kwa jina Jamal, ambaye mwanawe alikuwa mahututi na waganga wamekata tamaa, aliusikia ushuhuda wa Harji akafanya nadhiri hiyo hiyo. Mtoto alipona, na Jamal akafika na gari la nafaka. Kuanzia hapo Waislamu nao wakawa miongoni mwa waliopeleka vyakula Virpur. Kuhusu uponyaji, kila mtu na imani yake. Linaloonekana wazi ni kwamba vibarua wawili walioanza na ujira wa mavuno walikuwa wameacha kuwa peke yao.

Kisa kikubwa zaidi, ambacho kila mtoto wa Kilohana hukijua, ni kigumu kukisimulia leo bila kusita.

Siku moja alifika sadhu mzee, dhaifu na mgonjwa. Alikataa chakula. Alichotaka ni mtu wa kumhudumia katika siku zake za mwisho, na mtu aliyemtaka ni Virbai. Ombi hilo lilikuwa la kuchukiza, na masimulizi hayafichi kwamba waliokuwepo walichukizwa. Jalaram hakumjibu mzee yule papo hapo. Aliingia ndani kuzungumza na mkewe. Virbai alikubali. Akatoka, akamfuata mzee huyo, mji mzima ukitazama.

Walitembea hadi mahali pasipo na watu. Hapo sadhu akamkabidhi Virbai fimbo yake na mkoba wake, akamwambia amsubiri, akaenda zake asirudi. Waumini husema sauti ilisikika ikieleza kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyewajia, kuupima ukarimu wao. Virbai alirejea Virpur akiwa na fimbo na mkoba mkononi. Vitu hivyo viwili vingali hekaluni, ndani ya kisanduku cha kioo, na ndivyo mahujaji wengi huja kuviona hasa.

Nimekisoma kisa hicho mara kadhaa na kila mara hunikwaza. Ni mtihani gani wa mume ambao gharama yake ni mke? Ibrahimu naye, katika vitabu vya Wayahudi, Wakristo na Waislamu, aliambiwa amtoe mwanawe. Ni aina ile ile ya kisa, na huacha maswali yale yale. Lakini kuna jambo ambalo wasimulizi wa Saurashtra hawakulikosa. Jalaram hakumtoa mkewe kama mtu atoavyo gunia la mtama. Alimuuliza. Kama angekataa, hakuna masimulizi yanayodokeza kwamba angelazimishwa. Tena aliyekwenda hakuwa yeye. Aliyetembea nyuma ya mtu asiyemjua hadi porini ni Virbai, na aliyerudi na ushahidi mkononi ni Virbai. Ikiwa ulikuwa mtihani, basi aliyeketi kuufanya ni yeye.

Jalaram hakuwa peke yake katika njia hiyo. Saurashtra ya karne ya 18 na 19 ilikuwa na watakatifu wa namna yake, wengi wao wakulima, wafugaji au wachuuzi, ambao ibada yao ilikuwa sufuria na kitanda cha mgonjwa. Huko Parab, mashariki ya Junagadh, Devidas pamoja na mwanafunzi wake wa kike, Amar, waliwauguza wagonjwa wa ukoma ambao jamaa zao waliwatupa. Huko Satadhar, Apa Giga aliacha jiko ambalo halijafungwa hadi leo. Nyumba hizo ni mahekalu sasa, zina minara na bendera, lakini zilianza kama vibanda vya kando ya njia. Mwanahistoria wa dola atapita hapo bila kusimama, maana hapakuwa na jeshi wala mkataba. Msafiri mwenye njaa alisimama.

Bhoja Bhagat alifia Virpur mwaka 1850, alipokuwa amemtembelea mwanafunzi wake, na kumbukumbu yake imejengwa huko huko. Jalaram alikuwa amekaribia umri wa miaka 51 wakati huo. Miaka iliyofuata haina mengi ya kusimulia, na nadhani hiyo ndiyo sifa yake. Nafaka iliingia, chakula kikatoka. Sanamu ya Rama aliyopewa na sadhu mmoja ilikuwa nyumbani mwake, na pamoja nayo zile za Sita, Lakshmana na Hanuman. Mbali na hizo, hapakuwa na hekalu la kifahari.

Uzeeni ndipo mtihani mkubwa usio wa masimulizi ulipomfikia. Kati ya 1876 na 1878, njaa iliyoua mamilioni ya watu iliikumba India ya kusini na magharibi. Katika mwaka wa 1934 wa kalenda ya Kihindu, yaani 1877 hadi 1878, Kathiawar nayo ilikauka. Watu waliacha vijiji vyao wakiswaga mifugo iliyobaki mifupa. Serikali ya Uingereza wakati huo ilishikilia kwamba biashara huria isiingiliwe, na ngano ikaendelea kusafirishwa nje kwa meli huku watu wakifa barabarani. Mzee wa miaka 78 na mkewe waliwalisha waliofika Virpur, nao walikuwa wengi kupita miaka yote ya nyuma.

Virbai alitangulia kufariki. Jalaram alimfuata Februari 23, 1881, akiwa katika maombi. Ipo picha moja ya rangi nyeusi na nyeupe, inayotunzwa hekaluni, inayoaminika kuwa alipigwa mwishoni mwa maisha yake, na ndiyo asili ya zile zote zilizotapakaa duniani. Hawakujaliwa mwana wa kiume aliyewarithi. Binti yao Jamna ndiye aliyeuendeleza ukoo, na Hariram, wa uzao wake, akashika usimamizi wa jiko. Watu wa ukoo huo wanalisimamia hadi sasa.

Miaka 18 baada ya kifo chake, njaa mbaya zaidi ilifika. Mwaka wa 1956 wa kalenda ile, unaolingana na 1899 na 1900, uliacha jina katika lugha: Wagujarati wazee huuita Chhappaniyo, yaani ule wa hamsini na sita, na mtu mlafi huko bado hutaniwa kwa jina hilo. Katika kipindi hicho hicho, huku kwetu, watu wa Ukambani na Kenya ya kati walikuwa wakifa kwa njaa yao, ile ambayo Wakamba waliiita Ngomanisye, nayo reli kutoka Mombasa ilikuwa inapita katikati ya maiti kuelekea ziwani. Ilifika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901.

Wagujarati walikuwa wakija pwani ya Afrika Mashariki kwa majahazi karne nyingi kabla ya hapo, kutoka Mandvi, Porbandar na bandari nyingine. Lakini njaa upande mmoja na reli upande wa pili viliongeza wimbi hilo, na Walohana wa Kathiawar walikuwa miongoni mwa waliopanda. Wengine walifungua maduka kando ya stesheni. Wachache walitajirika mno. Nanji Kalidas Mehta, aliyeanzisha kiwanda cha sukari cha Lugazi, Uganda, mwaka 1924, na Muljibhai Madhvani wa Kakira karibu na Jinja, wote wawili walikuwa Walohana kutoka upande wa Porbandar. Kwa watu waliotoka nchi ya ukame na kuishi kwa mizani, mtakatifu aliyezaliwa nyuma ya kaunta alikuwa wao hasa. Hakuna shaka kwamba miongoni mwa waliotundika picha yake walikuwemo pia waliopunja ratili na kuwadhulumu wateja. Mzee huyo ametazama mengi kutoka ukutani.

Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia kutoka Uganda, na picha ikahamishwa tena. Wengi walijenga upya maisha yao Uingereza, hasa Leicester na London, na katika miji hiyo kuna mahekalu ya Jalaram ambako waumini hula pamoja baada ya ibada, na mengine yapo Marekani na Afrika Mashariki. Siku yake ya kuzaliwa, ambayo huja takriban wiki moja baada ya Diwali, huadhimishwa kote huko kwa nyimbo na kwa sufuria kubwa.

Chakula chenyewe ni cha kawaida sana. Jioni ni khichdi, ambayo mtu wa pwani yetu ataitambua mara moja kuwa ndugu ya mseto wake wa mchele na nafaka za jamii ya maharagwe, ikifuatana na mchuzi wa maziwa ya mgando uitwao kadhi. Mgeni hupewa pia ganthia, vile vijiti vya unga wa dengu vilivyokaangwa ambavyo huuzwa katika pakiti hapa Nairobi, pamoja na bundi. Jina hilo lisimtishe mtu. Si yule ndege wa mkosi, bali ni vidonge vidogo vitamu vya unga huo huo wa dengu.

Hekalu la Virpur lilijikusanyia sadaka kwa miaka mingi, kama mahekalu yote. Kisha, Februari 2000, wasimamizi wake walitangaza kwamba hawatapokea tena: si fedha, si dhahabu, si zawadi. Katika nchi ambayo baadhi ya mahekalu yana hazina za kuzidi bajeti za serikali ndogo, uamuzi huo uliwashangaza wengi, na wapo waliotabiri kwamba jiko lingefungwa katika miaka michache. Zaidi ya miaka 25 imepita. Maelfu hula hapo kila siku, na anayejaribu kuacha noti mbele ya sanamu huombwa airudishe mfukoni.

Ndiyo maana maneno ya yule mtawa wa 2025 yaliwachoma watu wa Virpur. Kwa masikio ya mgeni ni mzozo kuhusu nani alimbariki nani. Kwa wao, kusema ghala lilijazwa na baraka ya mkuu wa madhehebu mengine ni kuwapokonya Jalaram na Virbai siku walizoinama na mundu katika mashamba ya watu, kabla ya jiko kufunguliwa. Mtawa alipofika aliingia hekaluni, akainama mbele ya sanamu, akaondoka. Maduka yalikuwa yamefungwa kwa siku mbili. Jiko, kama kawaida, lilikuwa wazi.